Tacos za sambaza kwa watoto wasiotaka samaki

Nyumbani kwangu Kadutu kuna watoto wanne, na kila mmoja ana sababu yake ya kukataa samaki. Mkubwa anaogopa mifupa. Anayemfuata hataki harufu. Wa tatu shida yake ni macho: “Mama, iko inaniangalia!” Kitinda mimba anakataa kwa kuwa yaya zake, yaani wakubwa wake, wamekataa, sababu nyingine hana. Na hapa ni Bukavu, mashariki ya Kongo, Ziwa Kivu liko chini yetu, mabeseni ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, yanapita mlangoni asubuhi, halafu mama unabaki kuwaza pesa ya nyama itatoka wapi.

Kwetu zilizofaa ni tacos. Sisemi zile za Ufaransa ambazo vijana wanaziona kwenye simu, zilizojazwa nyama, chipsi na jibini hadi hazifungiki. Nasema tacos za samaki za Meksiko, za pwani ya Baja California, miji kama Ensenada. Kule kipande cha samaki huchovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa, huwekwa juu ya chapati ndogo ya mahindi, kisha kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, mchuzi mweupe wa mayonezi au krimu, na ndimu inakamuliwa juu. Ni chakula cha barabarani, mtu anakula amesimama. Ukihesabu vitu vyake utaona karibu vyote viko sokoni Nyawera, isipokuwa ile chapati ya mahindi.

Hapo usidanganyike ukachukua unga wa mahindi wa bugali (ugali). Wameksiko huchemsha mahindi kwenye maji ya chokaa, huyaacha yalale humo, ndipo huyaosha na kuyasaga yakiwa bado yamelowa. Chokaa ndiyo inayofanya donge lishikane na kukubali kukunjwa. Unga wetu haujapitia hiyo kazi, kwa hiyo chapati yake inavunjika mkononi na samaki wanaanguka chini. Tumia ngano. Hata kaskazini ya Meksiko yenyewe wanakula tortilla za ngano, hutakuwa umemwibia mtu chochote.

Kwa watu saba mimi huchukua nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vitatu vikubwa vya mafuta na maji ya vuguvugu kiasi cha mililita 280, nikiyamimina kidogo kidogo. Kanda hadi donge liache kushika vidole, lifunike, liache lipumzike nusu saa. Nusu saa hiyo usiikate, maana donge lisilopumzika linajirudi kila ukilisukuma, na chapati inatoka nene. Gawa vidonge kumi na vinne, sukuma kila kimoja kiwe chembamba, kipana kidogo kuliko kiganja chako. Hizi hazikunjwi na kupakwa mafuta katikati kama chapati za chai. Zichome kwenye kikaango kikavu chenye moto mzuri, dakika moja kila upande, kisha zifungie kwenye kitambaa safi zikiwa za moto. Mvuke wa ndani ya kitambaa ndio unaozilainisha. Mtu anayeziacha wazi kwenye sahani atakuta zimekauka kabla samaki hawajaiva.

Sasa sambaza. Hawa si wenyeji wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio samaki wa mtu wa kawaida Bukavu na Goma. Kwa mtoto msumbufu wa chakula wana faida kubwa: ni wadogo, mifupa yao ikikaangwa inalainika na kuliwa yote, tena ndimo ilimo kalsiamu. Tilapia ni mtamu kuliko wao, sibishi, lakini tilapia mmoja wa kutosha familia atakula bajeti ya siku mbili, na bado utakaa mezani ukichambua miiba huku chakula chako kinapoa.

Bei yao inafuata mwezi, na hili watu wengi wa mjini hawaliangalii. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa: mwanga unawavuta juu, wavuvi wanawainulia wavu kutoka chini. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu, samaki wanatawanyika, na asubuhi beseni linapanda. Usiku wa giza ndio wenye sambaza wengi na wa bei nafuu. Nenda mapema, angalia wale wanaong'aa, tumbo halijapasuka, na kichwa kikivutwa kinashikilia kidogo. Wakiwa wamelegea na tumbo limefunguka, wamelala. Hakuna ndimu itakayowaokoa, na mtoto wa harufu atakushinda. Nusu kilo inatutosha sisi saba. Halafu usione haya kuomba: “Mama, unipimie muzuri, uniongezeye na matabishi ya batoto.” Matabishi ni nyongeza ya bure, na neno batoto linafanya kazi kuliko kubishana bei.

Kuwasafisha ni kazi ya kukaa chini na kupiga hadithi. Bana nyuma ya kichwa kwa kidole gumba, vuta, na matumbo yanafuata kichwa. Hapo macho yameondoka, na sababu ya mtoto wangu wa tatu imeondoka nayo. Koko, yaani mama wa mume wangu, anasema kutupa vichwa ni kutupa utamu. Ana haki, na vyake tunambakishia.

Osha, kamulia ndimu, tia chumvi na kitunguu saumu kilichopondwa, acha dakika kumi. Kisha wachuje na uwakaushe kwa kitambaa, wakauke kweli. Samaki mwenye maji anaruka kwenye mafuta, unga unamtoka, na unapata uji badala ya ganda. Changanya vijiko vitatu vya unga wa mahindi na vitatu vya ngano, wagaragaze humo, kung'uta. Rojo la Ensenada liache, linakunywa mafuta mengi na mafuta ndiyo yenye gharama. Mimi naweka kina cha kidole kimoja kwenye kikaango, nadondosha unga kidogo, ukipiga kelele mara moja ndipo naweka samaki, safu moja tu. Ukijaza kikaango moto wa makaa unashindwa, mafuta yanapoa, samaki wanalegea. Dakika mbili au tatu wanatosha. Mafuta ya ngazi, yaani mawese, yaache kwa sombe, majani ya muhogo. Hapa harufu yake inafunika kila kitu. Kaanga samaki mwisho kabisa, chapati zikiwa tayari kwenye kitambaa, kwa sababu mlio wa samaki mkavu mdomoni ndio unaowashika watoto.

Kabichi ikate nyembamba mpaka uone kisu kinapita. Hapa siwezi kunyamaza: kipindupindu kinazunguka miji yetu ya ziwani karibu kila mwaka, na kabichi mbichi iliyooshwa kwa maji ya ziwa ni mlango wake. Majani yatenganishe, yaoshe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klorini. Ukiwa na wasiwasi, yamwagie maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha yapoze kwa maji safi. Yatalegea kidogo, basi. Changanya na karoti iliyokwaruzwa, maana karoti ina sukari yake na watoto wanaifuata, chumvi kidogo, ndimu.

Kwa mchuzi mweupe sinunui mayonezi. Nachuja mashanza, yaani maziwa ya mgando, kwenye kitambaa yawe mazito, nakoroga na ndimu, chumvi na punje moja ya kitunguu saumu. Avoka (parachichi) ikiwa msimu wake, naiponda na kuiweka pembeni. Jibini ya Masisi ikiwepo, sherehe. Pilipili inakaa upande wa wakubwa wa meza.

Yote haya hayatasaidia ukimwekea mtoto taco iliyokwisha kukunjwa. Weka kila kitu katikati ya meza, kila kimoja kwenye bakuli lake, kila mtu ajikunjie. Mtoto mwenye mashaka anataka kuona kinachoingia mdomoni mwake. Ukichanganya mwenyewe na kumkabidhi kifurushi, anaona mtego. Akijijazia, hata samaki mmoja tu kati ya kabichi nyingi, ni wake. Siku ya kwanza wa harufu alikula chapati na avoka, akaishia hapo. Nilimwacha. Hakuna aliyesema “jaribu kidogo tu”, hakuna aliyemwahidi soda.

Najua inauma, umesafisha samaki saa nzima na mtu anakula chapati tupu. Lakini Mmarekani mmoja wa mambo ya lishe, Ellyn Satter, aligawa kazi hii kwa namna ninayoikubali: mzazi anachagua chakula, saa na mahali, mtoto anaamua atakula kiasi gani, au kama atakula. Na wanaochunguza ulaji wa watoto wanasema mara nyingi mtoto huhitaji kukutana na chakula kipya mara kumi au zaidi kabla ya kukikubali. Sisi wengi tunachoka mara ya tatu, tunatangaza mbele ya wageni “huyu hali samaki”, na mtoto anajifunza kwamba hilo ndilo jina lake.

Kitu kingine: usimfiche. Nimesikia mama wanaosaga samaki na kusema ni kuku. Siku atakapogundua, hatakuamini hata kwa kuku. Mwite sambaza jina lake, na mpe mtoto kazi. Wa macho ndiye siku hizi anayegaragaza samaki kwenye unga, na anawahesabia wenzake ili asidhulumiwe mtu: wanne au watano kwa chapati moja. Kitinda mimba alianza kula siku yaya mmoja alipoanza, kama nilivyotegemea. Mkubwa bado anamvunja kila samaki katikati kutafuta mfupa, ila anakula.

Koko alipoona meza ile aliuliza, “Na bugali iko wapi?” Usimlazimishe mtu mzima mambo ya Meksiko. Apikiwe bugali yake, sambaza wale wale kwenye sahani yake, na pilipili karibu. Mara nyingine watoto wanamwomba tonge moja, hapo ndipo ninacheka kimoyomoyo.

Mwezi ukiwa mpevu na sambaza wakapanda, chukua samaki wa barafu, wale tunaowaita tomsoni. Wengi wanatoka bahari ya Namibia. Mmoja mkubwa anatosha. Mchemshe na tangawizi na ndimu, akishapoa mchambue kwa vidole, siyo kwa uma, maana vidole ndivyo vinavyohisi mfupa, kisha rudia tena kwa ajili ya wadogo. Mkaange haraka na kitunguu hadi akauke. Harufu yake ni kali kuliko ya sambaza, hivyo asiwe wa kwanza kumpa mtoto anayeanza. Mpe baada ya sambaza kuzoeleka. Ndagala (dagaa) wakavu nao waache kabisa kwa sasa.

Sambaza waliobaki hawarudishwi kwenye mafuta, wanakuwa wagumu na wachungu. Wapashe moto kwenye kikaango kikavu asubuhi, wakunje kwenye chapati na kabichi iliyokamuliwa, mtoto aende nayo shule. Mchuzi wa mashanza usimfungie, hauvumilii kukaa kwenye mfuko hadi saa sita.