EL34 kwenye Blues Junior? Sauti ya Marshall haikai ndani ya tyubu

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Tanga na amplifaya yangu ni Fender Blues Junior. Nimeangalia video nyingi za kulinganisha amplifaya za tyubu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), na kila mara naona Vox AC15 inang'aa kuliko yangu na Marshall inanguruma kuliko yangu. Kuna fundi ameniambia nisihangaike kununua nyingine. Ataniwekea tyubu za EL34 pamoja na tyubu ndogo za Mullard za zamani kutoka Uingereza, kwa shilingi 600,000, na yangu itatoa sauti ya Marshall kabisa. Nimeshatanguliza 150,000. Nimefanya sawa? Na kama ni kununua, nilinganishe vipi?

JIBU: Marahaba. Hukufanya sawa, na hiyo 150,000 kaidai leo, kabla hajagusa skrubu hata moja.

Blues Junior inatumia tyubu mbili za nguvu, yaani zile zinazoisukuma spika, aina ya EL84. EL84 ina miguu 9, EL34 ina miguu 8 kwa mpangilio mwingine kabisa, na umbo lake ni kubwa zaidi. Haiingii kwenye soketi yako. Hata akitoboa bati na kufunga soketi nyingine, filamenti (waya wa kuipasha tyubu moto) ya EL34 moja inakula ampea 1.5, wakati ya EL84 haifiki 0.8. Ukiweka mbili, filamenti za tyubu za nguvu zinaitwisha transfoma karibu mara mbili ya mzigo wa zile za mwanzo. Itachemka, utasikia harufu ya vanishi, na siku moja katikati ya wimbo itazima. Anayekuuzia kazi hiyo ama hajawahi kuona tumbo la Blues Junior, ama ameliona na anajua anachokufanyia.

Naandika kwa ukali kwa sababu suala hili halipiti mwezi bila kuingia karakanani kwangu kwa sura moja au nyingine. Wapiga gitaa wameaminishwa kwamba sauti ya amplifaya inakaa ndani ya tyubu, kwa hiyo ukibadilisha tyubu umebadilisha amplifaya. Imani hii imewatoa vijana hela nyingi, na imeua transfoma nyingi zilizokuwa na miaka mingi mbele yake.

Chukua hiyohiyo AC15 unayoitamani, hii ya kisasa inayouzwa madukani. Ina EL84 mbili. Ina tyubu ndogo tatu za ECC83, ambazo ndizo hizohizo 12AX7 zilizomo kwenye yako. Wati 15, kama yako. Spika moja ya inchi 12, kama yako. Chomoa tyubu zote tano za Vox uzipachike kwenye Fender, utabaki na Blues Junior ileile. Na usidhani EL84 ni mambo ya Vox tu: miaka ya 1960 Marshall nao walitoa amplifaya ya wati 18, modeli namba 1974 (si mwaka), na tyubu zake za nguvu ni EL84 mbili. Kampuni tatu, tyubu aina moja, sauti tatu.

Tofauti iko kwenye saketi. Ndani ya Fender yako kuna waya unaochukua sehemu ndogo ya sauti upande wa spika na kuirudisha nyuma, ili amplifaya ijisahihishe yenyewe. Ndiyo maana inabaki safi unapopandisha, safi, safi, halafu ghafla inaanza kukwaruza. Vox haina waya huo. Sauti yake inaanza kuvunjika taratibu, na ukipunguza nguvu ya kidole inarudi kuwa safi. Tena tyubu za nguvu za Vox zinatulizwa na rezista (kizuizi cha umeme) iliyo chini ya kathodi, mguu mmoja wa tyubu, kwa hiyo ukipiga nyuzi kwa nguvu sauti inabonyea kidogo halafu inainuka. Mpiga solo anaisikia hali hiyo mkononi kabla hata ya sikioni. Wala huwezi kuinunua kwa kubadilisha tyubu.

Halafu kuna spika, ambayo watu wanaipita kana kwamba ni kabati tu. Spika ya gitaa si kama ya redio. Sauti za juu zikishapita hezi (Hz) 5,000 hivi inaanza kuporomoka, na kabla ya hapo ina milima na mabonde yake inayoipa kila noti rangi. Mwaka 1962, dukani kwa Jim Marshall huko Hanwell, magharibi mwa London, Ken Bran na Dudley Craven waliichukua amplifaya ya Fender Bassman ya Marekani na kuifuata karibu mstari kwa mstari, wakaunda JTM45, amplifaya ya kwanza ya Marshall. Saketi karibu ileile. Hata tyubu kubwa za mwanzo zilikuwa 5881, kama za Bassman. Lakini tyubu ya kwanza waliweka ECC83, yenye kukuza zaidi kuliko 12AY7 ya Bassman, transfoma zikawa za Kiingereza, na badala ya spika nne za inchi 10 za Jensen kwenye kabati lililo wazi nyuma, wakatumia nne za inchi 12 za Celestion kwenye sanduku lililofungwa. Sauti ya rock ya Uingereza ikapata mlango wake hapo. EL34 zilikuja baadaye, na leo watu wanazisifu kana kwamba ndizo zilizoanzisha yote.

Sisemi tyubu haina kazi. Hiyo 12AY7 niliyoitaja, ukiipachika kwenye nafasi ya kwanza ya Blues Junior, itachelewesha kukwaruza, na hilo ni jambo halali la kujaribu, halina hatari wala gharama kubwa. Tyubu iliyochoka nayo lazima ibadilishwe. Ninachokataa ni 12AX7 moja kuuzwa bei mara tano ya nyingine kwa sababu ya jina lililochapwa kwenye kioo. Mullard za zamani zilitengenezwa Blackburn, Uingereza. Kwa miaka mingi sasa jina hilohilo linachapwa kwenye tyubu mpya zinazotoka kiwandani Saratov, Urusi, kiwanda hichohicho kinachotoa tyubu zenye majina ya Sovtek, Electro-Harmonix na Tung-Sol. Zinafanya kazi vizuri, mimi mwenyewe nazifunga. Ila si za zamani na hazijatoka Uingereza, na ukimuuliza fundi wako akuonyeshe kinachothibitisha, angalia uso wake.

Sasa hizo video. Sikio la binadamu lina udhaifu mmoja: amplifaya moja ikizidi nyingine hata kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja, husikii kwamba imezidi, unasikia kwamba ni nzuri zaidi. Besi inajaa, trebo inang'aa, unaiita "tamu". Kwenye video hujui nani alikuwa juu, maiki ilikaa sentimita ngapi kutoka kwenye spika, wala kama ilielekezwa katikati au pembeni. Kuisogeza maiki kwa upana wa vidole viwili tu kunabadilisha sauti kuliko kubadilisha tyubu zote. Na wengi wanaweka nobu zote saa sita kamili wakidhani wametenda haki. Saa sita ya nani? Saketi ya toni ya Fender inakata sauti za kati hata nobu zikiwa katikati. Vox, kwenye chaneli yake iitwayo Top Boost, haina nobu ya sauti za kati kabisa, na ile nobu yake ya Cut inafanya kazi kinyume: ukiipandisha, trebo inapungua. Kuzilinganisha hizo mbili kwa saa sita ni kama kuwapima watu wawili urefu mmoja akiwa amesimama kwenye kigoda.

Kijana mmoja anayepiga kanisani alikuja kwangu na shida kama yako. Nilichukua amplifaya yake na nyingine ya Kiingereza, zote za wati 15, nikazipitisha kwenye spika moja ya pembeni ya omu 8 ambayo zote zinaikubali. Nilikuwa nazima, nahamisha waya, nawasha, nasubiri tyubu zipate moto, kisha naweka sauti sawa kwa kipimo cha desibeli cha simu nikiwa nimesimama palepale. Yeye alikaa ameipa meza mgongo. Kwa sauti safi ya chini alikosea mara tatu kati ya tano. Nilipopandisha mpaka zikaanza kukwaruza, hakukosea hata mara moja. Siku ile alijua anachokitafuta, na hakikuwa tyubu.

Kwa hiyo ukienda dukani, nenda na gitaa lako na waya wako. Piga zile solo unazopiga Jumamosi, kwa nguvu ileile ya ukumbini. Usisimame karibu huku amplifaya iko chini inakupulizia magotini, kwa sababu trebo inaenda moja kwa moja mbele na wewe huipati. Unaongeza trebo, na wasikilizaji wa mbele ndio wanaokatwa masikio. Inua amplifaya ifike kifuani, ama rudi nyuma hatua kadhaa. Na usishawishike na wati 30: kutoka 15 kwenda 30 unapata desibeli 3 tu. Spika inayotoa desibeli 100 kwa wati moja badala ya 97 inakupa hizohizo 3 kwa wati zilezile. Mimi kwa muziki wa dansi, ambako solo inatakiwa iwe safi na kila noti ihesabike, ningeibakiza hiyo Blues Junior, nijaribu spika nyingine ya inchi 12 ya omu 8, nipunguze besi, niongeze sauti za kati. Ukishindwa hapo ndipo uuze ununue AC15.

Lakini msimruhusu kila mwenye bisibisi kufungua vitu hivi. Ndani ya Blues Junior kuna zaidi ya volti 300, na kwenye kubwa kama Twin Reverb zinapita 400. Kapasita zinaweza kuushika umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa, na zinaua. Msiwashe amplifaya ya tyubu bila spika kuunganishwa, hata kwa "kujaribu tu", transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Aliyeletewa amplifaya na ndugu kutoka Marekani asome maandishi ya nyuma kwanza: 120V haichomekwi kwenye soketi yetu ya 230 bila transfoma ya kushusha. Mwaka jana niliipokea moja ambayo fyuzi ilikuwa inakatika kila ikiwashwa. Fundi wa kwanza hakutafuta sababu, aliizungushia fyuzi karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Ilipiga siku mbili. Nilipoifungua, lakiri ya transfoma ilikuwa imemwagika chini ya bati na kuganda kama asali nyeusi, na mwenyewe alikuwa ameshalipa pande zote mbili.

Akikataa kukurudishia hela, chukua amplifaya yako uondoke hivyohivyo. Hiyo 150,000 ni ndogo kuliko bei ya transfoma.