Mtoto Mwenye Mdomo Hapotei

Mwanangu Mama Neema,

Marahaba. Hapa Morogoro hatujambo, ila mama yako na goti lake lilelile.

Umeuliza kama Neema, na hilo darasa lake la tano, anaweza kupanda daladala peke yake huko Dar, kutoka Tegeta mpaka Makumbusho. Njia ataiweza. Mimi najiuliza kama wewe utaiweza ile saa ya kumsubiri.

Unaikumbuka siku uliyorudi na bibi muuza karanga? Stendi ilikuwa bado Mwenge, haijahamia Makumbusho, na makonda wakiona sare tu wanaziba mlango kwa mkono: "Mwanafunzi mmoja, tena asimame!" Magharibi ikaadhiniwa, hujaonekana. Mama yako yuko Shekilango na kanga ya kulalia, mimi nachungulia kila gari linaloshusha. Mara ukashuka, kiatu mkononi, soli imebanduka, unacheka! Nyuma yako yule bibi na sinia lake. Ulimfuata mwenyewe kituoni, ukamtajia jina langu, la babu yako, hadi duka la Mpemba pale kona. Nauli alilipa yeye, na kurudishiwa akakataa. Mtoto mwenye mdomo hapotei, nasema siku zote.

Lakini baba yako mkubwa, Mungu amrehemu, alinisimamisha mbele ya wapangaji wote: "Hivi huyu mtoto umemwokota?" Mpaka leo neno hilo likinijia nasukuma sahani. Kesho yake nikakupa nauli, ukaenda peke yako. Nilikuwa nakuamini wewe, au namwonyesha yeye? Labda yote mawili.

Utasema zama zimebadilika. Kweli, bodaboda hizi hazina adabu, na bibi kama yule leo hata mimi ningemhoji kwanza. Ila konda ni yuleyule: mwanafunzi analipa 200, mtu mzima zaidi ya mara tatu, na jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake. Kwa hiyo hofu yangu si Neema kupotea, ni kuachwa kituoni giza linaingia. Hapo ndipo mdomo unapohitajika. Anao? Kwa mama gani akose!

Uamuzi ni wenu wewe na baba yake, siingilii. Ingawa ungenibana kidogo... haya, nanyamaza. Namba yako aishike kichwani, isiwe ya kwenye daftari, na asisimame mlangoni. Na siku ya kwanza usimfuate nyumanyuma na bajaji. Nakujua.

Baba yako