Je, riwaya ya 1886 ndiyo iliyovunja urafiki wa Zola na Cézanne?

Mkuu, umeuliza kama ni kweli mchoraji Paul Cézanne alikata mguu kwa Émile Zola baada ya kusoma riwaya yake L'Œuvre, na mtu aanzie wapi kulichunguza jambo hilo. Kwa maoni yangu hadithi hiyo ilijengwa juu ya barua moja iliyosomwa vibaya, na tangu 2013 haina tena mguu wa kusimamia.

Barua yenyewe iliandikwa na Cézanne huko Gardanne, kusini mwa Ufaransa, tarehe 4 Aprili 1886. Riwaya ilikuwa imemaliza kutoka kwa mfululizo katika gazeti la Gil Blas siku chache tu kabla. Cézanne anashukuru kutumiwa kitabu, anamtaja Zola kama "mwandishi wa Rougon-Macquart" (mfululizo wa riwaya za Zola, L'Œuvre ikiwa mojawapo), anaomba kumshika mkono kwa kukumbuka miaka iliyopita. Basi. Wengi waliona hapo ubaridi wa kuagana. Wanaosoma tafsiri hukosa jambo moja kubwa: Kifaransa kina maneno mawili ya kusema "wewe": "tu" kwa mtu wa karibu na "vous" kwa heshima au umbali. Barua hii inaanza kwa "mpenzi Émile" na inabaki kwenye "tu". Lawama hamna hata mstari mmoja.

Kwa nini kitabu kilishukiwa? Mhusika Claude Lantier ni mchoraji, rafiki wa utotoni wa mwandishi Sandoz. Anashindwa kuikamilisha picha yake kubwa na kujinyonga mbele yake. Sandoz ni Zola waziwazi, kwa hiyo watu wakamalizia hesabu wenyewe. Ila Claude ni mchanganyiko. Ile picha yake inayochekwa na umma, mwanamke uchi kando ya mwanamume aliyevaa nguo, imetoka kwa mchoraji Manet na kashfa iliyozuka 1863 juu ya picha yake ya namna hiyo, si kwa Cézanne.

Ukitaka kuupima urafiki huu, weka kando riwaya kwanza usome barua za 1878. Hapo ndipo penye uzito. Cézanne alikuwa akiishi na Hortense Fiquet, wana mtoto wa kiume aliyezaliwa 1872, na baba yake, mwenye benki katika mji wa Aix, kusini mwa Ufaransa, hajui. Mzee akafungua barua aliyotumiwa mwanawe, akagundua, akataka kupunguza posho ya mwezi kutoka faranga 200 hadi 100. Cézanne akamwomba Zola ampelekee Hortense faranga 60. Zola akapeleka, na mwezi uliofuata akaombwa tena, akapeleka tena. Walifahamiana tangu 1852, shuleni Aix, Cézanne ana miaka 13 na Zola 12. Deni la namna hiyo halifutwi na mhusika wa kitabuni.

Sasa angalia kinachotokea baadaye. Baba anafariki Oktoba 1886 na Cézanne anarithi. Barua kadhaa za nyuma zilikuwa za kuomba pesa. Haja ikiisha, barua nazo hupungua, hata kama watu hawajagombana. Ongeza kwamba nyingi za Zola kwake zimepotea. Kwa hiyo usihesabu ukimya kama ushahidi kabla hujapanga tarehe zote kwa mfuatano na kuandika kila mmoja alikuwa mji gani. Wakiwa wote Paris, nani aandike?

Kisha 2013 ikajitokeza mnadani barua ya tarehe 28 Novemba 1887. Cézanne anamshukuru Zola kwa kumtumia La Terre, riwaya iliyofuata L'Œuvre, na anaahidi kwenda kumwona Zola atakaporudi. Miezi 19 baada ya ile inayoitwa barua ya kuagana!

Tahadhari moja: maneno makali ya Cézanne kuhusu mazulia na watumishi wa nyumbani kwa Zola yanatoka kwa muuza picha Ambroise Vollard, aliyeyachapisha 1914. Zola alikuwa ameshafariki 1902, Cézanne 1906; hakuna aliyeweza kumsahihisha. Hata kisa kizuri cha kikapu cha matufaha, ambacho Zola anasemekana kumpelekea Cézanne aliyepigwa kwa kumtetea shuleni, kimetufikia kupitia kumbukumbu za Joachim Gasquet. Kipende, lakini usikipange safu moja na barua.

Umbali ulikuja, hilo silipingi. Ila utafute katika miaka ya 1890, hasa wakati wa kesi ya Dreyfus (ofisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa aliyehukumiwa uhaini kwa uonevu, na Zola akamtetea), si Aprili 1886.