Lancaster ya Karatasi: Kazi Iko Kwenye Mifupa

Ukitaka kuunda ndege ya kivita kwa karatasi, usikimbilie rangi za nje. Mimi napenda Avro Lancaster ya Uingereza, ndege nzito ya kudondosha mabomu iliyoruka mara ya kwanza Januari 1941, yenye injini nne na kikosi cha watu saba. Kwa kipimo cha 1:33, kinachotumika sana kwa ndege za karatasi, mabawa yake ya mita 31 yanakuwa na sentimita 94 hivi toka ncha hadi ncha. Hakikisha kwanza una pa kuiweka.

Urefu huo ndio mtihani wenyewe. Bawa la namna hiyo likikosa mhimili madhubuti litaanza kulegea hata kabla gundi haijakauka. Bandika karatasi zenye michoro ya mihimili na mbavu kwenye kadibodi ya milimita 1, ziache zikandamizwe chini ya vitabu usiku kucha, ndipo ukate. Mhimili upite ndani ya kiwiliwili, usiishie ubavuni. Halafu tazama umbo halisi la Lancaster: ukishapita injini za ndani, bawa linainuka kuelekea nchani. Mwinuko huo uwe sawa kulia na kushoto, maana ukipishana kidogo tu jicho litauona kabla ya kitu kingine chochote.

Kingo za mbavu zipige msasa taratibu, kisha vika ngozi, yaani karatasi ya nje, bila gundi. Ikibana, usiivute, punguza ubavu. Ngozi ya kiwiliwili iviringishe kwanza juu ya penseli nene, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Ukiiviringisha kinyume na nyuzi hizo itavunjika mikunjo midogo ambayo haifutiki.

Lancaster za usiku zilipakwa kijani na kahawia juu, nyeusi ubavuni na chini. Nyeusi haisamehe: kila ukingo uliokatwa huacha mstari mweupe. Paka kingo rangi ya maji kwa brashi karibu kavu kabla ya kugundisha. Ukisubiri mpaka mwisho, rangi itamwagikia juu ya ngozi.

Nguvu nyingi naziweka kwenye kibanda cha bunduki cha mkiani. Mpiga bunduki alikaa humo peke yake, akitazama nyuma gizani, na bunduki nne za Browning mbele yake. Kikosi cha mabomu cha Uingereza kilipoteza watu 55,573 katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo sehemu hiyo siioni kama pambo. Fremu za vioo zikate kwa wembe mpya kabisa. Mitutu iviringishe juu ya sindano, kwa karatasi nyembamba iliyolowekwa gundi nyeupe kidogo, kisha chomoa sindano kabla haijashika.

Propela zibandike mwisho kabisa. Ndege hii utaigeuzageuza sana unapoweka magurudumu na milango ya mabomu, na propela ndizo hukatika kwanza.