Kabla hujaandika "mnashurutishwa"

Mimi ni katibu wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana, mwaka wa nne sasa, na tangazo lililoniumbua kuliko yote lilikuwa la mstari mmoja: "Wanachama wote mnashurutishwa kuhudhuria kikao cha Jumapili." Niliona limekaa kiofisi kabisa. Nikalirusha kwenye kundi, nikaenda kuoga. Kurudi, nakuta sauti ya Maalim, mweka hazina wetu: "Mwanangu katibu, kwani sisi mahabusu?"

Jumapili ile walifika sita kati ya 22.

Tulipomaliza, Maalim akanikalisha. Ni mwalimu wa madrasa, Kiarabu anakijua. Akageuza daftari la hisa, akaandika nyuma yake "shart", na chini yake "shurut". La kwanza umoja, la pili wingi wake. Waswahili tukayabeba yote mawili, ila wingi tukaujenga wenyewe kwa ma- yetu: masharti. Shuruti ikabaki haina kazi ya wingi, ikapewa kazi ya nguvu: upende usipende. (Wapo wanaosema "shurti uende" pale ambapo mimi nasema "sharti uende", wala hawakosei.)

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Hapo hakuna anayekukandamiza shingo. Kama hukitaka, simama wima. Shuruti haikuulizi unataka nini. Ndiyo maana Ibara ya 25 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inakataza kazi ya shuruti, ilhali Katiba hiyohiyo imejaa "masharti ya ibara hii". Wamatumbi waliolimishwa pamba kwa nguvu enzi za Mjerumani wasingehitaji daftari la Maalim kuijua tofauti. Mwaka 1905, Maji Maji ilipoanza, waliianza kwa kuing'oa pamba yenyewe.

Amri nayo ina mwenyewe. Ni ndugu wa amiri, mzizi mmoja wa Kiarabu, kwa hiyo ukiitaja tu mtu anauliza: ya nani? Agizo ni neno letu wenyewe, si la Kiarabu, na ni pole zaidi, maana hata chai unaagiza. Amri sina ugomvi nayo, lakini katibu wa kikoba si Amiri Jeshi Mkuu.

Siku hizi kabla sijaandika najiuliza kama jambo lenyewe tulikubaliana. Kama ndiyo, nayataja makubaliano na faini yake, bila kitenzi kikali. Kama hatukukubaliana, naomba, na nikikataliwa nalipeleka kikaoni. Wewe uliye mwenyekiti wa wapangaji au kiranja wa kwaya, jaribu hivyo.

Tangazo lililofuata lilisomeka: "Kikao Jumapili saa 10 jioni. Kama tulivyopanga, atakayechelewa atatoa 2,000." Maalim aliingia saa 10 na robo, akatumbukiza noti ya elfu mbili kwenye sanduku, ndipo akavuta kiti.