Maswali Yenu Mezani: Paella, ukoko na makofi ya flamenco

SWALI: Hoteli moja hapa kwetu imetangaza usiku wa Kihispania, chakula pamoja na ngoma ya flamenco jukwaani. Mimi na mume wangu hatuli nguruwe wala hatugusi pombe. Tuagize nini? Na wachezaji wakianza, tupige makofi nao?
Msomaji, Dunda, Bagamoyo

JIBU: Dada, nguruwe katika jiko la Kihispania hujificha. Chorizo ni soseji ya nguruwe, jamón ni paja lake lililokaushwa kwa chumvi, na vyote hukatwa vipande vidogo vikatiwa hata kwenye dengu. Kwa hiyo usiulize "kuna nyama?" Uliza sahani kwa sahani, na uulizie mvinyo pia, maana kamba na ngisi mara nyingi hunyunyiziwa mvinyo mweupe kikaangoni. Chakula cha kuanzia kisicho na wasiwasi mkubwa ni tortilla yao: mayai na viazi, ndugu wa chipsi mayai, ila viazi hulainishwa taratibu ndani ya mafuta ya zeituni.

Paella, wali wao unaopikwa kwenye kikaango kipana, iagizeni mara tu mnapoketi. Ikipikwa upya huchukua kama dakika 40. Ikiletwa baada ya 10, imepashwa moto.

Makofi, hapana. Katika flamenco makofi ni ala, huitwa palmas, na ndani ya kundi wapo wenye kazi hiyo. Nyimbo nyingi huhesabiwa 12, mkazo ukianguka kwenye 3, 6, 8, 10 na 12. Mkono uliozoea mdundiko utaanguka pengine na kumvuruga mchezaji. Mwimbaji akimaliza mstari uliokugusa, sema "olé!" Mchezaji akisimama ghafla usidhani kamaliza, mara nyingi anawaashiria wenzake wabadilishe mwendo. Na tafadhali msiinuke kumtunza katikati ya wimbo kama kwenye taarab: ubao anaochezea ni mdogo, na mlio wa visigino vyake ni sehemu ya muziki. Fedha zisubiri mwisho.

SWALI: Nimejaribu paella kwa wageni mara mbili, zote zimetoka mashendea. Natumia sufuria ya pilau, mchele wa Kyela, nageuza vizuri na kupalia makaa. Nakosea wapi?
Mama lishe, Ngamiani, Tanga

JIBU: Umeipika kama pilau, mama, na hapo ndipo ilipoharibika. Sufuria ya kina hubana mvuke, kugeuza hutoa wanga, na kupalia humalizia kazi. Paella ni jina la chombo chenyewe: kikaango kipana, kifupi, kisicho na mfuniko. Kwa watu 4 pima mchele gramu 400 na chombo cha sentimita 40 hivi, mchele usipite unene wa kidole.

Kaanga kitunguu saumu na nyanya kwa mafuta ya zeituni hadi maji ya nyanya yakauke kabisa. Tia mchele, kisha supu ya vichwa vya kamba ikiwa inachemka, yenye zafarani. Mchele wa Kihispania uitwao bomba hunywa supu mara tatu ya ujazo wake. Wa Kyela anza na mara mbili, na ujaribu kikombe kimoja kabla ya siku ya wageni. Sambaza mara moja, halafu weka mwiko chini. Dakika 10 moto mkali, 8 moto mdogo. Kamba wapange juu zikibaki 5. Jiko la mkaa lenye mdomo mdogo huunguza katikati tu, kwa hiyo tandaza makaa mapana au zungusha chombo kila baada ya dakika mbili.

Mwishoni kabisa ongeza moto kwa dakika moja na usikilize. Mchele ukianza kutatarika na harufu ikawa ya karanga zinazokaangwa, ukoko umeshika. Watu wa Valencia, kule Hispania, huuita socarrat na huugombania. Harufu ikiwa chungu, umechelewa. Epua, funika kwa kitambaa safi dakika 5.

Manjano badala ya zafarani hutoa rangi, lakini ladha inakuwa ya mchuzi. Nyuzi chache za zafarani, zilizolowekwa kwenye supu ya moto robo saa, zinatosha watu 4.