Meli zilizozama au matumbawe kwanza? Jibu langu kwa mwenye cheti kipya cha kuzamia

Mkuu, umesema cheti cha kwanza cha kuzamia umeshapata, akiba yako inatosha safari moja kubwa, na hujui uende kwenye meli zilizozama au kwenye matumbawe. Umetaja meli ya Thistlegorm, visiwa vya Chuuk vya Pasifiki na matumbawe ya Great Barrier Reef ya Australia. Waliotangulia kukujibu wamekuongezea majina mengine, lakini jina la mahali halikwambii mahali hapo panadai nini kwa mzamiaji. Nimezamia kote kuwili kwa miaka mingi na msimamo wangu hauyumbi: anza na matumbawe, halafu nenda kwenye meli ambayo bahari imeshaigeuza kuwa matumbawe. Ndani ya meli usiingie mpaka uwe umesomea kuingia.

Kinachoamua ni kuelea. Cheti chako kwa kawaida kinakufikisha mita 18, lakini ninapomwona mzamiaji mgeni, kina si kitu cha kwanza ninachokitazama. Natazama kama anaweza kutulia palepale majini, hapandi wala hashuki, bila kupunga mikono. Ukivuta pumzi mapafu yanajaa, unainuka kidogo. Ukiitoa, unashuka kidogo. Aliyezoea kifua chake hivyo hahangaiki na jaketi la kuelea kila dakika, na mapezi yake hayachimbi chini. Mazoea hayo yanataka saa nyingi za majini, na matumbawe ya kina kifupi ndiyo mahali bora pa kuyapatia: mwanga upo, juu yako pako wazi, hewa inadumu.

Hilo la hewa wengi hawalipigii hesabu. Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza kanieneo (msukumo juu ya mwili wako) ya angahewa moja. Kwenye mita 10 kanieneo ni mara mbili ya ile ya juu, kwenye mita 30 ni mara nne, kwa hiyo pumzi moja ya mita 30 inachota mtungini mara nne ya pumzi ya juu. Mgeni anayehema kwa wasiwasi atamaliza mtungi kabla hajaona hata nusu ya meli. Tena kwenye kina hicho gesi ya nitrojeni iliyomo hewani huanza kuwalevya baadhi ya watu. Mtu anatazama geji, anaiona namba, na namba hiyo haimwambii kitu.

Sasa ichukue Thistlegorm. Ilikuwa meli ya mizigo ya Uingereza, ikapigwa mabomu na ndege za Ujerumani tarehe 6 Oktoba 1941 ikiwa imetia nanga Bahari ya Shamu, upande wa Misri. Imekaa wima kwenye mchanga, takriban mita 30 kwenda chini. Shehena ya vita bado imo ngamani, yaani kwenye chumba cha mizigo: malori ya Bedford, pikipiki za BSA, bunduki, buti za mpira, na kando ya meli vimelala vichwa vya treni vilivyorushwa na mlipuko. Uzuri wake sikatai. Pikipiki zimepangwa juu ya malori kama zilivyopakiwa bandarini, usukani wa moja umeegemea tangi la nyingine, spoku zimevimba kwa kutu, na samaki wadogo wa rangi ya kioo wanapita katikati ya magurudumu kwa maelfu. Ukimulika juu unaona hewa iliyotolewa na wazamiaji waliopita imenasa kwenye dari, inang'aa na kutembea kama zebaki. Hewa hiyo inafanya chuma kiliwe na kutu haraka zaidi, na kila povu jipya linalogonga dari linaangusha vipande vya kutu. Ndiyo maana meli inayotembelewa na watu wengi huchakaa haraka.

Sasa mweke mgeni humo ndani. Sakafu ya ngama ina tope laini lililotulia kwa miaka. Teke moja la pezi likielekea chini, tope linainuka, na tochi inageuka kumulika ukuta wa kahawia mbele ya barakoa. Mlango ulioingilia uko palepale, ila huuoni. Wanaosomea kuzamia ndani ya meli hufundishwa kufunga kamba nje na kuifuata kurudi, kupiga teke la chura ili maji yasisukumwe chini, na kugawa hewa mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la dharura. Mambo hayo hayaelezwi kwa dakika tano juu ya boti. Kuna viongozi wa safari watakaokwambia "nifuate tu, ni pafupi." Usimfuate. Unaruhusiwa kukataa hata kama umeshalipa, na mtu mzima mwenye kazi yake ataheshimu kukataa kwako.

Chuuk ndiyo iache kabisa kwa sasa. Pale, kule Mikronesia, Wamarekani waliishambulia kambi ya majini ya Japani tarehe 17 na 18 Februari 1944 wakazamisha meli kwa makumi. Fujikawa Maru ina vipande vya ndege za kivita ngamani na sehemu zake za juu zinafikika bila kwenda mbali. San Francisco Maru, yenye vifaru kwenye sitaha, iko chini kupita mipaka ya mzamiaji wa burudani. Zaidi ya kina, pale ni makaburi. Watu walikufa humo na wengine hawakutolewa. Nikikutana na kikombe au kiatu, sikigusi, na sipendi kuzamia na anayegusa.

Turudi kwenye matumbawe. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake kuna mwani mdogo sana unaomlisha na kumpa rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, mwani unatoka na tumbawe linabaki jeupe. Linaweza kupona maji yakipoa mapema, la sivyo linakufa kwa njaa. Great Barrier Reef ilipata upaukaji mkubwa mwaka 2016, 2017, 2020, 2022 na tena 2024. Ina urefu wa kama kilomita 2,300, kwa hiyo kusema "naenda Great Barrier Reef" hakutoshi. Uliza unapelekwa sehemu ipi, na waliozamia hapo hivi karibuni wameona nini. Nimepita juu ya mwamba uliopauka na sikuweza kuzungumza tuliporudi botini. Lakini nimeona pia miamba iliyojaa uhai, na ningependa uione sasa.

Ukifika, usikimbilie kasa na papa. Chagua kichwa kimoja cha tumbawe, kaa mita mbili mbali nacho, tulia. Utasikia mlio wa kukwaruza: ni pono wanang'ata mwamba, na sehemu kubwa ya wanachosaga hutoka kama mchanga mweupe. Utamwona mkunga ametoa kichwa pangoni, mdomo wazi, na samaki mdogo mwenye mstari wa buluu anaingia humo kumsafisha meno, anatoka, anaingia tena. Dakika kumi za kutulia hivyo zinakufundisha kuelea kuliko saa nzima ya kuogelea mbio.

Ukishaweza hilo, nenda Tulamben, Bali. Ndiyo jibu langu hasa kwa safari yako. Liberty, meli ya mizigo ya Marekani, ilipigwa topido na nyambizi ya Japani Januari 1942, ikavutwa na kupandishwa ufukweni. Ilikaa pale mpaka mlima Agung ulipolipuka mwaka 1963 na mitetemo ikaisukuma majini. Unaingia kwa miguu kutoka ufukweni, juu ya mawe, na meli inaanza mita chache tu chini. Mbavu za chuma zimevikwa matumbawe laini na sponji, na kwa kuwa mwili wake umefunguka, sehemu nyingi unaona ngama yake bila kuingia penye dari. Inashuka mpaka karibu mita 30, ila huhitaji kufika huko. Katika safari moja unapata historia ya vita, matumbawe na nafasi ya mazoezi.

Ya pili kwenye orodha yangu ni meli ya Yongala, Australia, ukishapata cheti cha mita 30. Ilizama na kimbunga Machi 1911 ikiwa na watu 122, hakupona hata mmoja. Kuingia ndani ni marufuku kisheria, nami naona sheria hiyo ni ya haki. Huhitaji kuingia, maana pande zote ni mchanga mtupu na meli hiyo ndiyo maficho pekee, kwa hiyo chewa, kolekole, taa na nyoka wa baharini wamejazana hapo. Mkondo una nguvu, shika kamba ya kushukia.

Kuna aliyesema hapo juu kwamba kitu chochote kikizamishwa huwa matumbawe. Si kweli. Florida walitupa matairi kama milioni mbili baharini miaka ya 1970 wakitarajia mwamba, kamba zikakatika, matairi yakazagaa na kugonga matumbawe ya asili. Oriskany, manowari ya kubebea ndege iliyozamishwa makusudi mwaka 2006 huko huko Florida, ilisafishwa kwanza na kupangiwa mahali. Ni vitu viwili tofauti.

La mwisho ni la kupanga tiketi. Ukizamia siku kadhaa mfululizo, subiri angalau saa 18 baada ya mbizi ya mwisho kabla ya kupanda ndege, kwa sababu nitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu kanieneo inaposhuka angani. Mimi huacha siku nzima. Kwa hiyo usikate tiketi ya alfajiri baada ya mbizi ya jioni, hata ikiwa ndiyo ya bei nafuu.